Maswali ya Wasomaji: Kuzimu ya Ubia

Katika toleo lililopita tuligusia aina ya kitabu ambamo waandishi kadhaa hutunga hadithi zao ndani ya ulimwengu mmoja, wakiazimana wahusika, na tukio la hadithi moja likiacha alama katika nyingine. Hizo tunaziita hadithi za ubia. Tukasema pia kuwa kuzimu, mji wa waliokufa, ni mahali pazuri pa kuweka kitabu cha namna hiyo. Barua zimemiminika, nyingi kutoka Lamu na nyingine Malindi. Tumechagua zinazohusu kazi yenyewe. Waliotuomba tuwasomee miswada mizima watuwie radhi.

Assalamu alaikum. Tuko saba, sote tunaandika. Tumekubaliana kila mmoja atunge hadithi moja inayotokea kuzimu, kisha tuzifunge pamoja. Mwenzetu mmoja anashauri kila mtu aandike kwanza, kulinganisha baadaye. Ni sawa?
*M., Mkomani, Lamu*

Alaikum salaam. Si sawa, na mtalijua hilo wiki ya kwanza ya kulinganisha. Mtakuta kuzimu saba: kwa huyu kuna jua, kwa yule giza totoro, huku wafu wanakula wali, kule hawana hata matumbo. Hapo hamtakuwa mnalinganisha tena, mtakuwa mnaandika upya.

Anzeni na daftari la ulimwengu, na liwe na mshikaji mmoja. Wote mchangie mawazo, lakini kalamu ishikwe na mtu mmoja mwenye neno la mwisho. Manahodha wengi chombo huenda mrama. Daftari lisizidi kurasa 12. Tumeona madaftari ya kurasa 60 yaliyoandikwa kwa mapenzi makubwa, na hakuna mchangiaji aliyefika ukurasa wa 20.

Cha kwanza kuandikwa humo ni sheria za mwili: wafu wanahisi nini, wanahitaji nini, wanapoteza nini. Hilo tumelijibu kwa urefu katika barua inayofuata. Cha pili ni wakati, na hapa watu wa pwani mna mali mkononi ambayo wengi hawaitumii. Bahari yetu tayari ina maji mafu. Kila mvuvi anajua kwamba karibu na tarehe 7 na 8 za mwezi mwandamo, na tena 22 na 23, maji hayapandi sana wala hayashuki sana. Bamvu, maji yanayopanda na kushuka sana, huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu. Sasa daftari liseme hivi: wafu huingia mjini wakati wa maji mafu tu, ndani ya mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba bila msumari hata mmoja, na hakuna chombo kinachoweza kuvuka mwamba kwenda nje isipokuwa siku za bamvu. Kwa sentensi hiyo moja mmepata kalenda. Wageni wanaingia mara mbili kwa mwezi. Anayetaka kutoroka ana kama siku saba tangu afike. Kila mwandishi amepewa muda wa hadithi yake bila kupewa saa, na msomaji wa Lamu haelezwi chochote asichokijua.

Ramani iwe ya karatasi moja. Wekeni majina ya mahali 12, si zaidi, na umbali kwa hatua: gatini hadi kisimani hatua 400, kisimani hadi lango la juu 900. Theluthi nzima ya karatasi iachwe tupu. Ramani iliyojaa humfanya mchangiaji kuwa mpangaji katika nyumba ya mtu. Hathubutu kupiga hata msumari.

Mwisho wa daftari andikeni maswali matatu ambayo hakuna anayeruhusiwa kuyajibu. Kwa mfano: nani aliujenga mji, kuna nini ng'ambo ya mwamba, kwa nini mtepe hauna nahodha. Akitokea mmoja akajibu katika hadithi yake, hadithi za wenzake sita zimepungua kimo siku hiyo hiyo.

Kuhusu ratiba, mwezi mmoja unatosha kwa daftari. Wa pili kila mtu alete muhtasari wa ukurasa mmoja, ili mgongano uonekane ukiwa bado wa bei nafuu. Miezi miwili ya kuandika, maneno 4,500 kwa hadithi. Wa tano ni wa kubadilishana rasimu, kila mmoja asome mbili za wenzake, na huu ndio mwezi unaorukwa na wengi kwa sababu ya haraka. Wa sita kusahihisha.

Wahusika wangu wamekwisha kufa. Nikiwaingiza kwenye ugomvi, hakuna anayeogopa, na mimi mwenyewe ninayeandika nasinzia. Tatizo ni langu au la kuzimu?
*B., Shela*

La kuzimu, Bwana B. Ndiyo maradhi makuu ya fani hii, na dawa yake lazima iwe moja kwa kitabu kizima, la sivyo kila mwandishi atachanganya yake.

Tazama wengine walivyofanya. Philip José Farmer, Mmarekani, katika *To Your Scattered Bodies Go* ya 1971, aliwafufua wanadamu wote kandokando ya mto mmoja mrefu ajabu. Anayeuawa huko huamka kesho yake akiwa mzima, lakini mahali pengine pa mto huo, mbali na kila aliyemzoea. Kifo hakimalizi mtu, kinamtenga. Sheria hiyo ilikuwa imara kiasi kwamba waandishi wengine walikuja kutunga ndani ya ulimwengu wake, katika mikusanyiko miwili ya 1992 na 1993. Mfano wa pili ni *Heroes in Hell*, mfululizo ulioanzishwa na Janet Morris mwaka 1986, ambao ndio hasa mkusanyiko wa ubia uliowekwa katika maisha ya baada ya kifo: wafu wa karne zote katika jahanamu moja. Humo ndimo ilimoingia hadithi ya Robert Silverberg, “Gilgamesh in the Outback”, iliyopata Tuzo ya Hugo mwaka 1987. Mfalme Gilgamesh, shujaa wa utenzi wa kale wa Mesopotamia, hana cha kuhofu katika mapigano. Kinachomla ni kutengana na Enkidu, rafiki yake. Silverberg alielewa kwamba maiti hatishwi na upanga.

Basi chagueni bei. Kila anayeuawa tena kuzimu anapoteza kitu, na kitu hicho kiwe kimoja tu na kiwe cha kuhesabika. Mfano: kila mtu anaingia mjini akikumbuka majina saba ya watu aliowapenda duniani. Kila kifo cha pili kinafuta moja. La mwisho kufutika ni jina lake mwenyewe, na asiye na jina hubaki kukaa gatini akiwapokea wageni kwa ishara. Sasa hata ugomvi wa visu viwili kichochoroni una uzito, maana msomaji anahesabu.

Onyesha bei hiyo ndani ya maneno 300 ya mwanzo, tena kwa tendo. Usieleze kwamba “kuzimu mtu hupoteza kumbukumbu”. Andika hivi: *Alipozinduka gatini, maji yakimtiririka masikioni, alimtafuta kwa jina yule aliyemnyonyesha. Akaupata mkono, akaipata harufu ya udi kwenye kanga. Jina halikuja.* Basi, imetosha. Endelea na kisa.

Mambo matatu huharibu mpango huu. Moja ni kuweka bei mbili, majina na kivuli kwa mfano, msomaji akashindwa kujua ipi ni ghali. Jingine ni kuruhusu kilichopotea kirudishwe kwa urahisi. Mganga akiweza kulirudisha jina kwa ubani na maneno mawili, hofu imekwisha katika kitabu kizima, hata kwenye hadithi za wenzako ambao hawana mganga. La tatu ndilo la kawaida zaidi: hesabu kutofuatana. Mhusika anamaliza hadithi ya pili akiwa na majina manne, anaibuka katika ya tano akiwa na sita. Kwa hiyo daftari liwe na safu ya salio kwa kila mhusika anayeazimwa, na mshika daftari aisome safu hiyo kabla ya kukubali rasimu yoyote.

Kuna jaribio dogo la kufanya kabla ya yote. Waandishi wote wajibu maswali manne, kila mtu peke yake, kwenye karatasi, bila kuchunguliana: mkono ukikatwa kuzimu, unaota tena? Njaa inaua? Aliyekufa mzee anaweza kuonekana kijana? Aliyezama baharini anaingia na nguo zilizolowa? Mkipata majibu mawili tofauti kwa swali lolote, ukurasa huo wa daftari haujaandikwa vizuri, hata kama ulipendeza kusomwa.

Mume wangu hana raha na mradi huu. Anasema mambo ya ahera si ya kuchezewa. Mimi naona ni hadithi tu. Nimjibu nini?
*Bi H., Langoni, Lamu*

Bi H., sisi hatutoi fatwa, lakini ana hoja ya kusikilizwa, na “ni hadithi tu” si jibu. Pwani hii imekuwa na tungo za kaburi na moto kwa karne nyingi. *Al-Inkishafi* ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, ya mwanzoni mwa karne ya 19, inakupitisha katika majumba ya Pate yaliyobaki mahame kisha inakufikisha kwenye majina ya mioto ya jahanamu. Lakini ile ni mawaidha, mtunzi akiuonya moyo wake mwenyewe. Msiitumie kama kibali cha kutunga mchezo.

Kinachosaidia kwa vitendo ni kutenga. Ahera ya dini iacheni mahali pake. Katika daftari andikeni wazi kwamba mji wenu si barzakhi, si pepo, si jahanamu. Hauna hukumu, hauna mizani, hauna Sirati. Munkar na Nakir, malaika wanaomhoji maiti kaburini, wasitajwe. Mitume na masahaba wasiguswe hata kwa fumbo. Vivyo hivyo masharifu na mawalii ambao watu bado wanazuru makaburi yao. Hata neno lenyewe linawasaidia: *kuzimu* ni la ukoo mmoja na mzimu na mizimu, lina nafasi ya kubuni ambayo neno *ahera* halina. Tungeshauri pia mji wenyewe mwupe jina la kubuni, mlitumie hilo.

Kisha chukua ule ukurasa mmoja wa sheria umwonyeshe mtu wa elimu mnayemwamini, mapema, wakati bado ni ukurasa mmoja. Kurekebisha sentensi tano ni kazi ya jioni moja. Kurekebisha kitabu kilichochapwa ni hasara.

Wenzetu wa upande wa Malindi, adabu hiyo hiyo inahusu koma, yaani roho za wahenga, na vigango vya Wagiriama. Kigango ni ukumbusho wa mzee mwenye heshima yake, familia yake ipo. Vingi vimeibwa na kuuzwa ng'ambo, na baadhi vimerudishwa kutoka makumbusho ya Marekani. Mtu akiandika kwamba kigango kimesimama kwenye lango la kuzimu kama pambo, anarudia wizi kwa njia nyingine. Mnaohitaji jambo hilo kwenye hadithi, kwanza kaeni na wazee wanaohusika.

Nataka Vasco da Gama akutane na Fumo Liyongo kuzimu, wapigane. Inaruhusiwa?
*K., Malindi*

Inaruhusiwa, Kaka, lakini ugomvi ndio sehemu nyonge ya wazo lako. Kuna kitu kizuri zaidi chini yake.

Angalia makaburi yao. Da Gama alifika Malindi Aprili 1498, akafa Cochin, India, Desemba 1524, akazikwa huko. Baadaye mabaki yake yakahamishiwa Ureno. Amezikwa zaidi ya mara moja. Daftari lenu linasema nini kuhusu mtu wa namna hiyo? Ameingia mjini mara mbili? Siku mifupa ilipofukuliwa, yeye kuzimu alihisi nini? Hapo kuna hadithi nzima, na hakuna upanga uliochomolewa.

Liyongo naye, katika utenzi ulioandikwa na Muhammad Kijumwa wa Lamu mwaka 1913, anachomwa kitovuni kwa sindano ya shaba na mwanawe mwenyewe. Anakwenda kisimani, anapiga goti, anatia mshale katika uta, anafia hapo hapo akiwa amelenga. Watu wa mji wanakaa na kiu kwa siku kadhaa, hawathubutu kuteka maji, wakidhani yu hai. Mtu aliyekufa katika mkao huo anaingiaje kwenye mtepe? Je, uta bado umevutwa? Mwanawe akifika baada yake, nani anampokea gatini? Sisi tungeanzia hapo, kisha Mreno apite tu kwa mbali, akiuliza njia.

Tahadhari mbili za ukweli. Usimweke Ibn Majid, baharia mashuhuri wa Kiarabu, kama rubani aliyempeleka da Gama India. Simulizi hiyo imeenea mno lakini wanahistoria wa leo kwa wingi hawaikubali, na baadhi ya vyanzo vya Kireno vinamtaja rubani huyo kuwa mtu wa Gujarat. Na karne ya Liyongo wataalamu hawajaafikiana, kwa hivyo ni uamuzi wenu: andikeni kwenye daftari “kabla ya Mreno”, na kila mwandishi aifuate hiyo.

Kama unataka mgeni asiyetarajiwa kutoka Malindi, yupo twiga aliyepelekwa China mwaka 1415. Alifia mbali na kwao. Hatusemi zaidi.

Mpaka mwingine: msiwatie watu waliokufa karibuni. Kipimo chetu ni miaka 100. Chini ya hapo kuna wajukuu wanaokumbuka sauti ya marehemu, na kumpa maneno ya kubuni ni kuwaumiza.

Mwenzangu ameazima mhusika wangu, akamuua mara tatu na kumwoza. Sikuulizwa. Hadithi yangu inategemea ujane wake.
*Msomaji, Faza*

Pole. Kosa ni la daftari kuliko la mwenzako. Kila mhusika anayeandikishwa apewe daraja la kuazimwa. *Huru*: yeyote amtumie apendavyo. *Kwa taarifa*: apite, aseme, anunue samaki, lakini mwenye mhusika aarifiwe. *Kwa idhini*: asiuawe, asioe wala kuolewa, asibadilishwe dini wala siri yake isifichuliwe, mpaka mwenyewe akubali kwa maandishi. Mstari mmoja kwenye simu unatosha, ila mshika daftari aunakili.

Kadi ya mhusika iwe na jina, mwaka na namna ya kifo, alipozikwa, umri anaoonekana nao, lugha, alichoingia nacho (wengi sanda tu, aliyezama, nguo zake), salio lake, mwenye mhusika, na daraja. Nusu ukurasa.

Pamoja na kadi, chora jedwali la usiku. Safu za kwenda chini ni usiku wa tukio, zikianzia mtepe ulipoingia. Safu za kwenda kando ni wahusika wote wanaotokea katika hadithi zaidi ya moja. Kila mwandishi ajaze mahali mhusika alipo usiku ule. Mtu mmoja akionekana kisimani na lango la juu kwa usiku mmoja, jedwali litakuonyesha bila mtu kusoma hadithi yoyote.

Kwa jambo lililokwisha tokea, kama lako, kuna njia tatu za bei nafuu. Kusogeza usiku: harusi ije baada ya hadithi yako. Kuigeuza uvumi: katika hadithi ya mwenzako watu *wanasema* ameolewa, na kwa mji wenye vichochoro vyembamba hilo si ajabu. Au kumfanya msimulizi wa mwenzako kuwa mwongo. Hiyo itumike mara moja tu katika kitabu kizima, maana mara ya pili msomaji hatamwamini yeyote. Vile vifo vitatu vina shida kubwa zaidi kwa sababu vimegusa salio. Viwili lazima vifutwe.

Tuandike kwa Kiamu au Kiswahili sanifu?
*S., Kizingitini*

Usimulizi uwe sanifu ili kitabu kisomeke Malindi na hata bara. Mazungumzo yafuate kwao mtu na zama zake. Mfu wa Lamu aseme *ndoo* (njoo), *ndia* (njia), *mui* (mji), *nti* (nchi), *mai* (maji). Asigeuke kusema “njoo” aya inayofuata. Hilo ndilo kosa linaloonekana zaidi: lahaja inawaka ukurasa wa kwanza, inazimika wa pili. Tengenezeni orodha ya maneno 20 ya kila lahaja mtakayotumia, yenye tahajia moja, na kila mwandishi aishike hiyo. Orodha ndefu zaidi haifuatwi.

Na msiwape wafu wa kale ushairi mbovu. Mtu wa Pate wa karne ya 18 akighani, vina na mizani vikae. Kama katika nyinyi hakuna anayetunga, afadhali mhusika akae kimya mwingine aseme, “Jana alighani, watu wakalia.”

Kitabu ni cha nani? Na fedha tunagawaje?
*Dada N., Malindi mjini*

Dada N., sheria ya Kenya, Sheria ya Hakimiliki ya 2001, inampa kila mtunzi haki ya alichokiandika tangu kinapokuwa kwenye karatasi au tarakilishi. Kusajili kwenye Bodi ya Hakimiliki ya Kenya si sharti la kuipata haki, ila kunasaidia ushahidi siku ya mzozo. Haki hiyo hudumu maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya mwisho wa mwaka aliokufa. Kwa mfano, Kijumwa tuliyemtaja alifariki 1945, kwa hiyo utenzi wake ni wa wote. Lakini toleo la kisasa lenye tafsiri na maelezo ya mhariri lina haki zake. Nakilini utenzi, msinakili maelezo.

Wazo la mji wa wafu halimilikiwi na mtu. Hadithi zinamilikiwa. Daftari nalo ni andiko, lina mwenyewe, na hapa ndipo ubia mwingi huvunjika: mshika daftari anaondoka nalo. Andikeni mapema kwamba daftari ni la wote, na kwamba atakayeondoka anachukua hadithi yake na wahusika wake wa daraja la idhini, si mji. Kuhamisha haki au kutoa leseni ya kipekee lazima kuwe kwa maandishi yaliyotiwa saini. Maneno ya barazani hayatashika. Tunashauri kila mwandishi atoe ruhusa ya kuchapa hadithi katika kitabu hiki tu, kwa miaka mitano, halafu haki zimrudie.

Sasa hesabu, kwa mfano wa waandishi saba. Maneno 31,500, ukichukua 290 kwa ukurasa wa A5, ni kurasa kama 109. Ongeza kurasa za mwanzo, ramani, orodha ya wahusika: mtafika 120 na kitu. Mchapaji hufunga kwa mikunjo ya kurasa 16, basi lengeni 128, mikunjo minane kamili. Mkifika 130 mtalipia mkunjo mzima kwa kurasa mbili. Karatasi ya gramu 80 ina unene wa takriban milimita 0.1, hivyo karatasi 64 hutoa uti wa kitabu wa milimita 6 na kidogo. Mwambieni mchora jalada mapema, jina likae katikati ya uti lisipinde kwenda mbele.

Tuseme nakala 500, kuchapa pamoja na jalada Sh 210 kila moja: Sh 105,000. Bei ya dukani Sh 600, duka likichukua asilimia 35 mnabaki na 390. Toeni nakala 40 za waandishi na wahakiki, ziuzwe 460: Sh 179,400. Ukitoa gharama ni Sh 74,400. Gawanyeni mafungu tisa: moja kwa kila mwandishi, mawili ya ziada kwa mshika daftari, hata kama naye ana hadithi ndani. Kila fungu ni Sh 8,266. Kama kuna anayeona mshika daftari anapendelewa, apewe yeye kazi hiyo katika kitabu cha pili. ISBN yenye tarakimu 13 mtaipata kwa Huduma ya Maktaba ya Taifa ya Kenya. Ombeni kabla jalada halijakwenda kwa mchapaji.

Paka wa Lamu wanaweza kuwemo kuzimu? Na punda?
*Msomaji mdogo, darasa la saba*

Mwanangu, paka wawemo, lakini amua kwanza kama wamekufa au wanaingia na kutoka wapendavyo. Hilo la pili ni zuri zaidi, ila likubaliwe na waandishi wote na liandikwe chini ya “sheria za mwili”, maana kama paka anaweza kutoka, kuna mtu atamfunga barua shingoni. Punda ni rahisi. Kuna mizigo gatini kila maji mafu, na vichochoro havipitishi gari.